Sauti Katika Mpira wa Kikapu wa Kompyuta

Msomaji, ukipita mjini Nyeri jioni ya mwezi wa Julai, wakati baridi imekaza na ukungu umekifunika Kilima cha Nyeri hata hakionekani, huenda ukasikia nyuma ya maduka jambo la ajabu. Mpira unadundwa juu ya sakafu ya mbao, viatu vinalia kwa kuikwaruza sakafu hiyo, kisha maelfu ya watu wanapiga ukelele kwa pamoja. Usidhani kwamba pana uwanja hapo. Ni chumba kidogo chenye benchi mbili, televisheni na mtambo wa michezo, na watu waliomo hawazidi kumi. Uwanja wenyewe umetengenezwa kwa hesabu za kompyuta, nao huwezi kuuona mpaka uingie. Kilichokufikia wewe njiani ni sauti tu, na sauti hiyo imekwisha kukudanganya.

Kwa miaka kadhaa nilipita mahali kama hapo bila kusimama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niliyefunzwa kazi hii katika Chuo cha Ualimu cha Kagumo, na kama wenzangu wengi nilikuwa nimetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi: michezo hiyo ni upotevu wa wakati na wa fedha. Sikatai hata leo kwamba yaweza kuwa hivyo. Lakini hadithi mbaya nayo ni upotevu wa wakati, wala hatuachi kuihakiki kwa sababu hiyo. Kazi iliyobuniwa na watu, ikapangwa, ikapendwa na vijana wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu kwa miaka mingi, ina haki ya kuulizwa maswali tunayouliza tamthilia au utenzi: imetengenezwa vipi, inasadikika kwa nini, na imeshindwa wapi. Nitaiuliza maswali hayo kwa upande wa masikio peke yake, kwa kuwa upande wa macho una watetezi wa kutosha.

Mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu, jambo ambalo hunifurahisha kila nilikumbukapo. James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikuwa akifundisha katika chuo cha mafunzo mjini Springfield, Massachusetts, nchini Marekani, na mwezi wa Desemba 1891 alitakiwa atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda ya pichi, kimoja kila upande wa chumba. Vikapu hivyo havikutobolewa chini, na kwa hiyo kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande juu akautoe. Fikiri jinsi mchezo huo ulivyosikika: mpira unaingia, pu! kisha kimya, kisha mtu anapanda ngazi. Ule mlio mwororo wa wavu, unaowafanya wachezaji wafumbe macho kwa utamu, haukuwako bado.

Sauti ya mchezo, basi, hutoka katika vyombo vyake na mahali pake. Katika viwanja vyetu vya shule huku mlimani, ambavyo vingi ni vya saruji na viko wazi kwa mvua, pete mara nyingi haina wavu hata kidogo, na kikapu kikiingia hujulikana kwa ukelele wa watazamaji. Mtoto aliyekulia hapo anajua sauti tatu: mpira juu ya saruji, mpira juu ya chuma, na filimbi ya mwalimu. Mwambie asikilize ule mchezo wa kompyuta bila ya kuutazama, naye atatambua mara moja kwamba huo ni mchezo wa nyumba ya watu wengine. Ataupenda, walakini atajua kwamba yeye ni mgeni ndani yake.

Zamani mitambo hii haikuwa na maneno mengi. Mwaka 1993 kampuni ya Midway ya Chicago ilitoa mchezo uitwao NBA Jam, wa wachezaji wawili kwa wawili, na mtangazaji wake, Tim Kitzrow, alisema vifungu vichache tu, tena vingine havina maana katika lugha yoyote. Hata hivyo, watu waliocheza mchezo huo utotoni wanavikumbuka vifungu hivyo hata leo, na hali sura za wachezaji wamekwisha kuzisahau. Sababu si ngumu kuiona. Mtangazaji yule hakujaribu kuueleza mchezo. Alifanya kazi ya kiitikio katika wimbo. Alinyamaza, kisha akalipuka, kisha akanyamaza tena.

Waliofuata walitaka zaidi. Michezo ya NBA Live ya kampuni ya EA, na ile ya NBA 2K iliyoanza mwaka 1999, ilileta utangazaji mrefu wenye kufuata kila tendo. Hebu tuangalie jinsi unavyofanywa, maana hapa ndipo penye fundo la jambo letu. Mtangazaji, kwa mfano Kevin Harlan ambaye amekuwa sauti ya NBA 2K kwa miaka mingi, huketi katika chumba cha kurekodia akasoma vipande vingi sana: majina ya wachezaji, jina moja kwa utulivu na jina lile lile kwa mshangao, mafungu ya sentensi, vichekesho, masikitiko. Kompyuta huvichagua vipande hivyo na kuviunga kwa kufuata tendo lililotukia uwanjani. Kwa hiyo unayemsikia si mtu anayetazama mchezo wako. Ni shanga zilizotungwa upya kila mara, na kila ushanga ulipatikana siku nyingine, mahali pengine, kabla wewe hujazaliwa huenda. Ikiwa jina lako halimo katika kikapu cha shanga, mtangazaji hana namna ya kukuita. Mchezaji uliyembuni wewe mwenyewe ukampa jina la babu yako atatajwa kwa namba ya fulana yake, au asitajwe kabisa, hata akitia vikapu 40 usiku mmoja.

Uzito wa jambo hilo nilianza kuuona nikiwa bado chuoni. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote walioingia NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Mwenzangu mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu upande wa Kirinyaga, aliziacha timu zote zenye majina makubwa akawa anachagua Memphis siku zote, mradi acheze na Mswahili mmoja. Tulimcheka sana, maana alishindwa karibu kila siku. Sasa ninadhani alikuwa na akili kutupita.

Mashabiki ndio waliotangulia kuchoka na hali hiyo ya ugeni, wala si wa Afrika peke yao. Katika nchi nyingi wako watu wanaoufungua mchezo walioununua na kuutia viraka: fulana mpya, sura mpya, orodha mpya ya wachezaji, sakafu mpya. Mchezo wa NBA Live 08, uliotoka mwaka 2007, ulikuwa wa mwisho wa jina hilo kutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Watengenezaji waliuacha, mashabiki hawakuuacha. NBA 2K14, uliotoka mwaka 2013, ulipata bahati hiyo hiyo. Unakwenda vizuri katika kompyuta kuukuu za aina tulizo nazo sisi, nao hufunguka kwa urahisi, kwa hiyo umeshonwa na kushonwa tena mpaka nguo ya asili imekuwa vigumu kuitambua. Watu hawa hawalipwi. Wengine hukesha wiki nzima wakirekebisha masharubu ya mchezaji mmoja.

Nina lawama moja kwao. Viraka vyao vingi mno ni vya macho. Utakuta fulana iliyochorwa kwa uaminifu hata uzi wake unaonekana, na chini ya fulana hiyo mchezo unalia vile vile ulivyolia siku ulipotoka kiwandani. Ninaelewa kwa nini. Picha mtu hurekebisha peke yake, kimya, usiku, kwa subira tu. Sauti inataka kinywa. Inataka mahali pasipo na kelele. Inataka mtu asiyeona haya kupiga ukelele peke yake mbele ya kinasa sauti. Tena kosa la picha huvumilika, lakini kosa la sauti hurudiwa masikioni mara mia katika mchezo mmoja mpaka mtu akauzima.

Ndiyo maana nilisimama niliposikia kwamba vijana watatu niliowahi kuwafundisha wameanzia upande ule mgumu. Walinijia nyumbani mwezi wa Desemba 2024, wakati wa sikukuu, wakiwa na kompyuta moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko kisianguke. Ndani yake walikuwa na NBA 2K14. Walikuwa wameiondoa timu moja ya Ulaya, na mahali pake wakaweka timu ya taifa ya Kenya, Morans, kwa namna ilivyokuwa mwaka 2021. Mwaka huo, mwezi wa Februari, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae katika nukta za mwisho kabisa. Angola wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imeonekana katika mashindano hayo tangu mwaka 1993. Vijana wangu walitaka mtupo ule uweze kurudiwa chumbani kwao, na walitaka utangazwe kwa Kiswahili. Hapo walikuwa wamekwama.

“Mwalimu,” alisema yule mkubwa wao, “tatizo ni lugha. Kiswahili hakiwezi kwenda mbio hivyo.”

Msomaji, nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka kumi katika miji ambayo watu wake hukiona kuwa lugha ya mtihani na ya ofisi ya chifu, na nimesikia mengi: kwamba ni kigumu, kwamba ni cha watu wa pwani, kwamba hakina kazi chuo kikuu. Sijapata kuumizwa kama nilivyoumizwa na neno lile, kwa sababu lilisemwa kwa huzuni na mtu aliyekuwa amejaribu. Nikawaambia wakae, nikaomba chai, tukaanza kazi.

Ni kweli kwamba mchezo huu hauna subira. Tangu mwaka 1954 timu ya NBA yenye mpira hupewa sekunde 24 tu za kuutupa, na ndani ya sekunde hizo mambo kumi yanaweza kutukia. Lakini chukua neno moja: kampokonya. Ndani ya neno hilo yumo aliyetenda, yumo aliyetendwa, umo wakati, na limo tendo lenyewe, nalo hutamkwa kabla mpira haujagusa chini. Sasa yapange maneno kama hayo moja baada ya jingine: kadunda, kamyumbisha, kampita, karuka, kashindilia! Maneno matano, matendo matano, wala hapana hata moja lililongojea jingine. Ile ka ambayo darasani huwachosha wanafunzi kwa maswali ya sarufi, huku uwanjani ndiyo viatu vya lugha. Walikuwa wameandika sentensi zao kwa kufuata mwendo wa Kiingereza: “Yeye sasa anauchukua mpira kutoka kwa mpinzani wake.” Hiyo kwa kweli haikimbii. Hata kutembea inatembea kwa mkongojo.

Tuliendelea kuchunguza, tukagundua mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria hata mimi. Nimekwisha kusema kwamba utangazaji huu ni shanga zinazotungwa na mashine. Kwa mtungo wa namna hii Kiswahili kina neema ya pekee. Mkazo wake uko mahali pamoja, juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo kipande kikiungwa na kipande hakichechemei sana. Jina lolote, liwe Wanjiku au Otieno au Olajuwon, linafuatwa na kiambishi kile kile. Tena hapana kubagua mwanamume na mwanamke. Timu za wanawake wa WNBA zilipoingia katika NBA Live mwaka 2017, na katika NBA 2K mwaka 2019, Kiingereza kilidai sentensi zenye neno la kike mahali pa lile la kiume. Sisi tukisema karuka, ameruka nani? Yeyote aliyeruka. Binti mmoja wa shule ya jirani, hodari wa mchezo huu, alipoelezwa jambo hilo alisema kwamba sarufi haijapata kumpendeza mpaka siku hiyo.

Tulibishana zaidi juu ya msamiati. Wao walikuwa wameandika kudanki, kwa ule mtupo wa kuupandisha mpira kwa mkono mpaka ndani ya pete. Nikawakumbusha kushindilia, tendo la mtu wa kale aliyejaza baruti katika mtutu wa bunduki kwa kuisukuma chini kwa nguvu. Wakalipenda neno hata wakaanza kulitumia kwa kila kitu, pamoja na kula. Wao nao walinishinda katika ribaundi. Nilitaka tuseme mpira wa kurejea, nikasikia mwenyewe jinsi ulivyo mrefu. Mchezaji amekwisha kuudaka, akaupitisha, na mimi ningali katika kurejea. Neno lililokwisha kuzoeleka katika viwanja vya Nyeri sina haki ya kulifukuza kwa sababu tu halikuzaliwa Lamu.

Kazi yenyewe waliifanya kati ya Januari na Agosti 2025, katika stoo iliyotundikwa magodoro ukutani, na kinasa sauti kilikuwa simu ya mkononi. Nimeicheza, na zaidi ya kuicheza nimeisikiliza, na hukumu yangu ni hii. Upande wa milio ya uwanja wamefanya jambo kubwa. Walikwenda Jumapili katika uwanja mtupu wa shule wakarekodi mpira juu ya saruji: mdundo mkavu, mfupi, wenye mwangwi mdogo kutoka ukuta wa darasa. Walirekodi pete ya chuma ikigongwa. Walitoa kinanda cha Marekani wakaweka nyimbo za wanafunzi za kushangilia, na chini yake, kwa mbali, mvua ikipiga mabati. Mara tu walipomaliza, sakafu ile ya mbao inayong'aa ilianza kuonekana kuwa ya uongo. Jicho linaona ubao. Sikio linasema saruji. Ilibidi wairudie picha, wakaifanya sakafu iwe ya kijivu, yenye ufa mmoja karibu na mstari wa mitupo huru. Angalia mpangilio wa kazi hiyo: sikio ndilo lililolirekebisha jicho. Katika viraka vyote vya mashabiki nilivyopata kuona, sijaona kingine kilichokwenda kwa njia hiyo.

Upande wa utangazaji wamefaulu nusu. Sentensi zao nyingine ni njema, fupi, zina utani wa vijijini usioumiza mtu. Lakini zimekuwa chache kuliko mchezo, na kifungu kizuri kikirudi mara ya tisa huwa kama mgeni aliyekwisha kuaga na angali mlangoni. Kosa kubwa zaidi ni kwamba hawanyamazi. Walijifunza utangazaji kutoka redioni, kwa kusikiliza mpira wa miguu, na redioni mtangazaji hana budi kuwa macho ya msikilizaji. Akinyamaza, uwanja unazimika. Mtu anayecheza kwa kompyuta anaona. Hahitaji kuambiwa kwamba mpira uko upande wa kulia, maana yeye ndiye aliyeupeleka huko. Anachohitaji ni mtu wa kustaajabu pamoja naye. Tim Kitzrow wa mwaka 1993, kwa vifungu vyake vichache, alilijua jambo hilo. Vijana wangu, wenye vifungu vingi, hawajalijua.

Niliwaandikia hayo kwa kalamu nyekundu, nikaona nimemaliza. Kisha likatokea jambo lililonifanya niwe na shaka na kalamu yangu. Jioni moja walikuwa wakicheza kwangu, na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tetu, alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Mama hajui Kiingereza wala mpira wa kikapu hajapata kuutazama. Baada ya muda niliona mikono yake imesimama juu ya ungo. Akauliza, “Huyo Kariuki wanayemsukuma kila mara ni mtoto wa nani?” Kariuki ni mchezaji waliyembuni, namba 9, asiyekuwako duniani. Tulipomweleza alicheka, walakini aliendelea kuuliza habari zake mpaka mchezo ukaisha, na aliposikia kwamba Kariuki ameshinda alirudi kwenye maharagwe akiwa ameridhika. Mwangalizi anataka mtangazaji anyamaze; aliye jikoni anataka aseme. Katika nyumba zetu mchezo hauchezwi na mmoja peke yake, na sauti hupita ukuta. Bado nasema wanasema mno. Nasema kwa sauti ya chini kidogo kuliko kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilitaka kututenganisha. Tarehe 7 Februari 2025, kazi ikiwa imeanza tu, Leonard Mambo Mbotela alifariki dunia. Wasomaji wadogo huenda hawamjui. Waulizeni wazazi wenu. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, akaingia redio ya taifa mwaka 1964, na kwa miongo mingi alikuwa ndiye mpira wa miguu wenyewe kwa watu wasioweza kufika uwanjani. Kipindi chake “Je, Huu ni Ungwana?”, kilichoanza mwaka 1966, kilitufunza adabu kwa kuuliza tu. Wiki mbili baada ya mazishi, yule kijana mdogo kati ya watatu alinijia peke yake akaniwekea simu mezani. Siku hizi zipo programu zinazoweza kujifunza sauti ya mtu kutokana na kanda zake za zamani, kisha zikasema kwa sauti hiyo chochote uandikacho. Alibonyeza. Marehemu akatangaza, kwa nukta nane hivi, kikapu cha Kariuki.

Nilisisimka mwili. Ilikuwa nzuri, msomaji. Nitakuwa mwongo nikisema haikuwa nzuri. Kasi ilikuwamo, na ile furaha ya kupanda sauti bila kupiga kelele. Kwa dakika moja hoja yote ya Desemba ilijibiwa: hiki hapa Kiswahili, kinakimbia. Kijana alijitetea kwa akili. Alisema kwamba wenzake hawamjui mzee yule, na hii ndiyo njia watakayomjua. Alisema kwamba hatauza. Alisema kwamba kumwiga mtu ni kumheshimu, na mimi mwenyewe huwafundisha waige waandishi wema.

Nilimjibu kwa habari moja ya kweli. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari walipojaribu kuipindua serikali, walimchukua Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka kituoni, wakamtaka awatangazie wananchi kwamba serikali imeanguka. Alisema, kwa kuwa bunduki zilikuwapo. Walimchagua yeye kwa sababu watu wangeamini sauti ile. Mara moja, basi, kinywa chake kilisemeshwa maneno asiyoyachagua, naye aliishi kuisimulia hadithi hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini. Safari hii hayupo wa kusimulia. Kariuki si mapinduzi, najua, na mapenzi ya kijana yule si bunduki. Lakini mwenye sauti hakuulizwa mara ile, wala hawezi kuulizwa sasa. Kuiga ni kazi ya koo lako mwenyewe: unajaribu, unashindwa, na katika kushindwa kwako inazaliwa sauti nyingine. Mashine haishindwi, na kwa hiyo haizai.

Hakukubali siku ile. Alichukua simu yake akaenda, na kwa mwezi mzima hakuonekana. Sikujua kama ataitumia ile sauti au hataitumia, wala sikuwa na uwezo wa kumzuia. Kiraka ni chao. Aliporudi, mwezi wa Aprili, alikuwa na wenzake wawili, na wote walikuwa na uso wa watu waliokwisha kufanya shauri.

“Tumeifuta,” alisema. “Lakini sasa tumepungukiwa na mtangazaji wa pili. Kwa kuwa umemkataa aliyejua kazi, utatangaza wewe.”

Kwa hiyo nami nimo katika kiraka hiki ninachokihakiki, na huenda ilinipasa kukwambia mapema. Nilisimama katika ile stoo kwa siku tatu za Jumamosi, magodoro kila upande, nikasoma vipande 212. Sauti yangu ni ya mtu anayesahihisha imla. Nikisema kashindilia, msikilizaji hutazamia nimwambie aandike kwa herufi kubwa. Vijana walinivumilia kwa heshima, wakakata, wakachuja, wakajaribu kunikimbiza kwa mashine hata nikasikika kama kuku. Mwishowe walinipangia mitupo huru peke yake, maana hapo mchezo umesimama, mtu mmoja yuko mstarini na mpira mkononi, na hapana haraka.

Mama anasema ndipo mahali anapoelewa vizuri zaidi.